Maswali ya Wasomaji: Ruhusa, Faini na Rejesta ya Shule England

Tangu kanuni mpya za mahudhurio zianze kutumika England tarehe 19 Agosti 2024, barua za wazazi kuhusu faini na ruhusa hazikatiki. Tumechagua zile zinazowagusa wengi. Majibu haya ni ya England peke yake. Wales na Scotland zina taratibu zao. Mtaona neno moja linajirudia: kabla. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kutoa ruhusa kwa safari iliyokwisha fanyika, hata akikuonea huruma kiasi gani.

SWALI: Shikamooni. Mama mkwe wangu alifariki Tanga na tukaondoka usiku uleule na watoto wetu wawili. Tulikaa wiki mbili. Tuliporudi tumekuta barua nne za faini, mbili kwa jina langu na mbili kwa jina la mume wangu. Msiba nao si udhuru? — Mama wa watoto wawili, Reading

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Mungu amrehemu marehemu.

Barua ni nne kwa sababu faini hutozwa kila mzazi kwa kila mtoto. Ikiwa ni mara yenu ya kwanza, kila moja ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, jumla 320. Mkichelewa inakuwa pauni 160 kila moja, na mwisho ni siku ya 28; hapo jumla ni 640. Hulipwa yote kwa mkupuo, kwa halmashauri na si kwa shule.

Msiba haumo katika orodha ya sababu ambazo sheria inazikubali zenyewe bila kuomba. Sheria ya Elimu ya 1996, kifungu cha 444, inataja ugonjwa wa mtoto, jambo lisiloepukika, siku ya ibada ya dini ya mzazi, na kando ya hizo, ruhusa ya shule, ambayo lazima iombwe. Hilo la "jambo lisiloepukika" mahakama hulitafsiri kwa ufinyu sana, kwa hiyo msilitegemee. Msiba unaingia kwa mlango wa ruhusa: mwalimu mkuu anaweza kuruhusu kwa sababu ya mazingira ya kipekee, mradi ameombwa kabla na mzazi anayeishi na mtoto. Ni yeye pia anayeamua siku ni ngapi. Walimu wakuu wengi hukubali siku ya maziko na safari ya kwenda na kurudi, si matanga yote, na arobaini ni nadra sana kukubaliwa.

Sasa hesabu. Rejesta huitwa asubuhi na tena mchana, kwa hiyo siku moja ya shule ni nusu siku mbili. Kipimo cha faini ni nusu siku 10 zisizo na ruhusa ndani ya wiki 10 za shule. Si lazima zifuatane, wiki za likizo hazihesabiwi, na muhula mmoja unaweza kuunganishwa na mwingine. Ninyi mmekosa siku kumi, yaani nusu siku 20. Hata mngepewa ruhusa ya siku tano za maziko, tano zilizobaki zilitosha kabisa kuleta barua. Kwa hiyo ombi la msiba lisiseme tu "tunakwenda kuzika". Litaje tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, idadi ya siku za shule zinazokoswa, na sababu ya kila siku ya ziada.

La kufanya leo: tafuteni ujumbe wowote mliotuma kabla ndege haijaruka. Barua pepe iliyoandikwa uwanja wa ndege saa nne usiku ni ombi lililotumwa kabla. Ujumbe wa sauti kwenye simu ya shule nao muutaje, na tarehe yake. Kama upo, mwandikieni mwalimu mkuu na halmashauri kwa pamoja, ambatanisheni cheti cha kifo na tiketi inayoonyesha siku iliyonunuliwa, na muombe herufi za rejesta, zile zinazoandikwa kila nusu siku kuonyesha kama mtoto yupo au kwa nini hayupo, zipitiwe upya. Faini haina rufaa ya kisheria, ila halmashauri inaweza kuifuta ikiridhika kwamba ilitolewa isivyostahili. Siku 21 haziwasubiri wakati mnangoja majibu, hivyo andikeni mapema wiki hii. Kama hamkutuma kitu chochote kabla ya kuondoka, ushauri wetu ni kulipa kabla siku ya 21 haijapita.

SWALI: Assalaam aleikum. Idi haina tarehe mpaka mwezi uonekane. Mwaka jana tuliandika tarehe moja, ikawa nyingine, na mwanangu akaandikwa mtoro. Tena shule inatoa siku moja tu, na sisi Idi ni siku tatu. — Baba, Leicester

JIBU: Waaleikum salaam. Kwenye rejesta siku ya Idi huandikwa herufi R, nayo si utoro. Sheria inailinda siku ambayo jumuiya ya dini ya mzazi imeitenga kwa ibada. Neno lenye uzito ni jumuiya: si siku ambayo familia imejichagulia. Kwa kawaida hiyo ni siku ya swala ya Idi, moja kwa kila Idi. Idi pili na Idi tatu, za kutembeleana na kula biriani kwa shangazi, shule itazihesabu kuwa ombi la ruhusa la kawaida, na mara nyingi itakataa.

Kuhusu mwezi, usiandike tarehe moja. Andika wiki mbili kabla: "Idi itakuwa tarehe fulani au inayofuata, kutegemea mwandamo, tunafuata tangazo la msikiti wetu, nao ni huu, nitathibitisha usiku kwa barua pepe." Usiku huo mwezi ukitangazwa, tuma ujumbe wa mstari mmoja. Hapo shule ina ombi la mapema na uthibitisho, na karani wa rejesta hana la kubahatisha. Kama familia inafuata msikiti tofauti na ule wa wazazi wengine wa shule hiyo, utaje kwa jina, maana shule zenye Waislamu wengi huwa zimepokea tangazo moja na kudhani linawahusu wote.

Umra ni jambo jingine. Inaweza kufanywa wakati wa likizo, na hiyo ndiyo hoja ya shule inapokataa.

SWALI: Mtoto akiumwa siku mbili shule inadai barua ya daktari. Kwa daktari wetu barua ni ya kulipia, na miadi yenyewe ni baada ya wiki. Nifanyeje? — Mama, Coventry

JIBU: Mwongozo wa serikali uko upande wako, mama. Shule inatakiwa kulikubali neno la mzazi kwamba mtoto anaumwa. Ushahidi huombwa pale tu penye shaka ya kweli, na si lazima uwe barua ya daktari: karatasi ya dawa, kadi ya miadi, au ujumbe wa hospitali kwenye simu vinatosha. Shule yenye mtindo wa kudai barua kwa kila homa imevuka mpaka. Iambie hivyo kwa adabu na kwa maandishi.

Wajibu wako ni kutoa taarifa. Piga simu au tuma ujumbe asubuhi, kabla rejesta haijafungwa, na urudie kila siku ya ugonjwa isipokuwa shule imesema usirudie. Taja dalili. "Hajisikii vizuri" huzaa maswali. "Ametapika mara mbili usiku" huyamaliza. Ukikaa kimya, rejesta huandikwa N, maana yake sababu haijulikani, na zikipita siku tano za shule bila maelezo lazima igeuzwe O, utoro usio na ruhusa. Ugonjwa uliotolewa taarifa ni herufi I, nayo haiingii katika hesabu ya faini.

Wazazi wengi pia hawajui lini mtoto abaki nyumbani na lini aende. Kuhara au kutapika: abaki mpaka zitimie saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga: angalau siku tano tangu vipele vitoke, na mpaka vyote viwe vimekauka na kufanya gamba. Surua: siku nne tangu vipele vianze. Mafua na kikohozi chepesi bila homa: aende. Macho mekundu: aende. Chawa: aende pia, wala shule haina haki ya kumrudisha nyumbani kwa ajili hiyo, mtibu jioni kwa kitana cha meno membamba.

Miadi ya daktari wa meno au ya hospitali ni herufi M, na ruhusa yake ni ya muda wa miadi tu. Miadi ikiwa saa tano asubuhi, mpeleke mtoto ajibu rejesta ya asubuhi, mchukue, kisha mrudishe kabla ya rejesta ya mchana. Akiwepo rejesta zote mbili zinapoitwa, siku hiyo hana nusu siku hata moja aliyokosa.

SWALI: Binti yangu ana selimundu. Amelazwa mara tatu mwaka huu. Sasa nimepokea barua kwamba ni "mtoro wa kudumu" na mahudhurio yake ni asilimia 87. Nimelia. Watanipeleka mahakamani? — Mama, Manchester

JIBU: Hapana, dada. Siku za ugonjwa zilizoandikwa I hazileti faini wala kesi. Barua hiyo imetoka kwenye kompyuta: kila mtoto anayekosa asilimia 10 au zaidi huingia kundi hilo, awe mgonjwa au mtoro, kwa kuwa hesabu hiyo hujumlisha siku zenye ruhusa na zisizo na ruhusa. Mwaka wa shule una siku 190, kwa hiyo ukikosa 19 umefika. Mtoto wa selimundu anayelazwa mara tatu hawezi kukwepa idadi hiyo, na shule yenye utu ingekupigia simu kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Lakini hakiki kitu kimoja. Omba nakala ya rejesta ya binti yako, ipitie tarehe kwa tarehe, ukiilinganisha na barua za kutoka hospitali. Unatafuta O au N iliyojipenyeza mahali pa I. Hutokea sana kwenye siku mbili tatu za kupumzika nyumbani baada ya kuruhusiwa wodini, pale mzazi anapodhani shule inajua. Ukiziona, andika ueleze na uombe zisahihishwe.

Kisha geuza kibao, uidai shule haki zake. Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 inazitaka shule za umma kuwahudumia wanafunzi wenye maradhi ya kudumu. Omba kikao cha kuandika mpango wa afya wa mtoto shuleni, na mwalike muuguzi wa kliniki ya selimundu au uje na barua yake. Ndani yake yaandikwe haya bila mafumbo: chupa ya maji mezani wakati wote, kwenda msalani bila kuomba mara mbili, kwa kuwa anakunywa maji mengi, kubaki ndani wakati wa mapumziko kukiwa na baridi au mvua, suruali ndefu na sweta kwenye michezo, na haki ya kupumzika, dawa gani ya maumivu, kiasi gani, anayeitunza ni nani, na homa ya kuzidi nyuzi 38 isisubiri saa ya kutoka shule, mzazi apigiwe mara moja, kwa sababu kwa mtoto wa selimundu hiyo ni dharura ya hospitali. Mtoto aliyekatazwa maji au aliyesimamishwa uwanjani Januari ndiye anayelazwa Februari, kisha wanamwandikia barua ya utoro.

Jambo la mwisho ni siku 15. Ikionekana atakosa siku 15 au zaidi kwa ugonjwa, mfululizo au kwa kujumlisha mwaka mzima, shule inapaswa kuijulisha halmashauri, nayo halmashauri inawajibika kuhakikisha anapata elimu inayomfaa, iwe nyumbani, wodini au kwa mtandao. Usingoje waitaje wao.

SWALI: Nafanya kazi za usiku, namfikisha mtoto saa tatu na nusu. Yuko shuleni siku nzima, mbona wanahesabu utoro? — Baba, Milton Keynes

JIBU: Kwa sababu rejesta imekwisha fungwa. Shule hairuhusiwi kuiacha wazi zaidi ya nusu saa tangu kipindi kuanza. Akifika ingali wazi ni L, amechelewa lakini yupo. Akifika imefungwa ni U, na U ni nusu siku isiyo na ruhusa. Uchelewaji kumi wa namna hiyo ndani ya wiki kumi za shule unatosha kwa faini, ingawa mtoto hakukosa somo la hesabu hata siku moja.

Kabla ya hapo shule inatakiwa kuangalia msaada gani ungefaa. Waeleze ratiba yako ya zamu, uliza kama wana klabu ya kifungua kinywa, maana zipo zinazofunguliwa saa moja na nusu. Tafuta pia mzazi jirani mnayeaminiana. Ukipewa barua ya onyo yenye muda wa kujirekebisha, kwa kawaida wiki tatu hadi sita, usiitupe: ni nafasi ya mwisho kabla ya faini.

SWALI: Tiketi za Mombasa mwezi wa saba hazishikiki. Rafiki amenishauri niandike barua shuleni kwamba nitamfundisha mtoto nyumbani, tukae miezi miwili, tukirudi nimrudishe. Wengine wanasema faini ni nafuu kuliko tofauti ya nauli, lipa tu uende. — Mama wa watoto wawili, Birmingham

JIBU: Ushauri wa rafiki yako ni wa hatari. Ni kweli mzazi ana haki ya kumfundisha mtoto nyumbani, na shule ya kawaida ikipata barua hiyo lazima imfute mtoto kwenye orodha. Hapo ndipo balaa linapoanza. Nafasi yake huenda kwa mtoto aliye kwenye orodha ya kungojea. Mkirudi mnaomba upya kama wageni, na kama darasa limejaa atapelekwa kokote penye nafasi, pengine mabasi mawili kutoka nyumbani, na mdogo wake abaki shule nyingine. Juu ya hayo, halmashauri inaweza kukuuliza elimu gani alikuwa akipata miezi hiyo miwili. Ufukweni Nyali si jibu. Kwa mtoto wa shule maalumu, kumtoa bila idhini ya halmashauri hakuwezekani kabisa.

Kuondoka bila kuaga ni vibaya zaidi. Mtoto aliyekosekana siku 20 za shule mfululizo bila ruhusa, au aliyepewa ruhusa akapitiliza siku 10 za shule, anaweza kufutwa baada ya shule na halmashauri kumtafuta bila kumpata. Wakati huo jina lake litakuwa limeshughulikiwa kama la mtoto aliyepotea.

Na hesabu ya "lipa tu uende" ifanye mpaka mwisho. Mara ya kwanza, kwa wazazi wawili na watoto wawili, ni pauni 320. Mara ya pili ndani ya miaka mitatu, kwa mzazi yuleyule na mtoto yuleyule, hakuna punguzo: 160 mara nne, 640. Mara ya tatu hakuna faini tena, ni mahakama, ambako adhabu hufika pauni 1,000, na kwa kosa zito la kujua kwamba mtoto haendi shule na usimfanye aende, hadi pauni 2,500 au kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Faini uliyoilipa si hukumu ya jinai. Kutiwa hatiani mahakamani ni jinai, na fomu ya kuomba uraia inauliza hukumu hizo.

Wapo wanaojitetea kwamba mtoto ana mahudhurio mazuri mwaka mzima. Utetezi huo ulikwisha tarehe 6 Aprili 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Halmashauri ya Isle of Wight dhidi ya Platt, baba aliyempeleka binti yake Florida siku saba za shule. Binti alikuwa na mahudhurio ya zaidi ya asilimia 90. Mahakama ilisema kuhudhuria "kwa kawaida" maana yake ni kwa mujibu wa kanuni za shule.

Njia halali ya kupunguza nauli ni kalenda ya shule yenyewe. Kila shule ina siku za mafunzo ya walimu ambazo wanafunzi hawaendi, kwa kawaida tano kwa mwaka, na nyingi hubandikwa mwanzo au mwisho wa likizo. Zitafute Septemba, ukate tiketi za kuondoka siku moja au mbili kabla familia za shule nyingine hazijafunga. Ukishindwa kabisa, omba ruhusa kwa maandishi na useme ukweli. Usimsingizie mtoto homa: mwalimu akimuuliza Jumatatu alikuwa wapi, mtoto wa miaka sita atasimulia alivyopanda ngamia, na tangu siku hiyo neno lako halitaaminika hata akiumwa kweli.

SWALI: Mimi ni bibi, nalea mjukuu, mama yake yuko Nairobi. Faini ikija itakuwa ya nani? — Bibi, London

JIBU: Shikamoo bibi. Inaweza kuja kwako. Kwa sheria hii mzazi ni pamoja na yeyote anayemlea mtoto, hata kama hakumzaa: bibi, shangazi, baba wa kambo. Kwa sababu hiyohiyo, maombi ya ruhusa uandike wewe unayeishi naye. Barua ya mama kutoka Nairobi haitoshi. Hakikisha shule ina namba yako na ya mtu wa pili, kwa sababu siku ya kwanza mjukuu asipofika watapiga simu, na wakikosa wa kupokea wanaweza kuja kugonga mlango.

SWALI: Mtoto wangu ana miaka minne na nusu, yuko darasa la mapokezi. Kaka yake ametimiza 16. Sheria inawabana wote? — Mama, Leicester

JIBU: Mdogo bado. Umri wa lazima huanza kwenye mojawapo ya tarehe tatu, 31 Desemba, 31 Machi au 31 Agosti, ile inayofuata siku anayotimiza miaka mitano. Aliyezaliwa 10 Februari hubanwa kuanzia 31 Machi. Kabla ya hapo hakuna faini, ingawa siku anazokosa shule bado inazihesabu. Kaka yake amebanwa mpaka Ijumaa ya mwisho ya Juni ya mwaka wa shule anaotimiza 16. Baada ya hapo anapaswa kuendelea na masomo au mafunzo ya kazi hadi 18, ila kwa kipindi hicho mzazi hatozwi faini ya utoro. Kama mnasafiri pamoja, angalieni tarehe ya mkubwa kwanza.